Nyie wa "twende tu" kwenye mabonde ya mito mtakuja kutuulia watu

Wakuu nina hasira mpaka sasa hivi. Jana asubuhi rafiki yangu kanipigia simu, jua limetoka, majira ya kuchipua ndo haya, twende tukatembee bonde la mto, masaa manne tu tumerudi. Nikabeba chupa moja ya maji na sweta la pamba nikatoka.

Na bonde ni zuri, sikatai, majani machanga, maua meupe ukingoni kote. Saa tatu tukavuka mto mahali hapana daraja, maji yanaishia kwenye kifundo cha mguu, kokoto unaziona mpaka chini. Ng'ambo kuna jiwe bapa, tukakaa hapo tukavaa viatu.

Tumerudi saa kumi jioni jiwe halipo. Limezama! Maji rangi ya udongo, yanafika mapajani, na ukitulia unasikia mawe yanagongana huko chini. Mvua haijanyesha hata tone. Namuuliza mwenzangu imekuwaje, ananijibu kirahisi kabisa eti "mchana huwa hivyo, theluji ya kule juu inayeyuka".

Huwa hivyo?? Yaani alikuwa anajua! Anajua jua likipiga theluji mchana kutwa maji yanachukua masaa kushuka, mto unajaa jioni, unapungua usiku, alfajiri ndo unakuwa chini kabisa, na bado katutoa kwa kujivuta, kasimama kupiga picha kila kona, hajasema neno.

Halafu anataka tuvuke tumeshikana mikono, na begi kalifunga mkanda kiunoni. Maji ya kasi ya magotini tu yanamwangusha mtu mzima, sasa ukianguka na begi limefungwa unajivuaje? Na maji yenyewe ya theluji, dakika chache vidole havishiki kitu. Nikagoma. Akanuna, tukazunguka mpaka darajani, giza limeingia, tochi ni ya simu yangu ina chaji asilimia 9, sweta limelowa jasho limekuwa barafu mgongoni. Nyumbani hakuna aliyejua tuko bonde gani, maana "ni matembezi tu".

Kutoka ghafla sio tatizo, mi mwenyewe napenda. Ila kumwambia mtu saa ya kuvuka na kumpigia mtu mmoja nyumbani ni dakika mbili jamani, DAKIKA MBILI.

Leo kaposti picha za maua, watu wanamuomba awapeleke Jumamosi. Kama upo kwenye hilo kundi muulize kurudi mnavuka saa ngapi.