Mrejesho: Bagamoyo hadi Tanga na mama

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza kama naweza kuendesha peke yangu kutoka Bagamoyo hadi Tanga kwa siku moja, nikiwa na mama ambaye magoti yanamsumbua. Tumefika salama, alhamdulillahi.

Tulitoka baada ya alfajiri, tukapita Msata kama mlivyoshauri. Kilomita 64 za lami, zikaisha upesi. Daraja jipya la Wami raha tupu. Mama bado analikumbuka lile la zamani, jembamba, malori yakisubiriana.

Aliyenisisitiza nikague tairi la akiba, Mungu akubariki sana. Tulipoipita Mkata tairi la nyuma likapata pancha. Kijana wa bodaboda alisimama bila kuitwa, akaweka mawe kwenye magurudumu, akanisaidia kulegeza nati moja iliyokuwa imekaza kwelikweli. La akiba lilikuwa na upepo wa kutosha kwa kuwa nilikuwa nimelijaza siku moja kabla.

Segera tukakunja kulia. Muheza mama alinyoosha miguu, akala machungwa matatu. Muuzaji alimenya ganda likaning'inia kama utepe mmoja. Magoti hayakumsumbua hata kidogo. Tunarudi Jumapili, njia ileile.