Kitulo, Ngosi na Tukuyu mwezi Desemba pamoja na mzee: tuanzie wapi, tuache nini?

Mwalimu wa Mafinga

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za majukumu. Naomba ushauri wa watu wanaozifahamu njia za Mbeya, Rungwe na Makete kwa kuzipita, si kwa kuzisoma. Likizo ya Desemba nimepanga kuzunguka huko kwa siku tano pamoja na mke wangu, watoto wawili wenye umri wa miaka 9 na 13, na baba mkwe wangu ambaye ametimiza miaka 71 na ana magoti yanayomsumbua zaidi anaposhuka kuliko anapopanda. Gari letu ni dogo, la kawaida, na liko chini.

Orodha niliyoiandika ina Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, Ziwa Ngosi, Daraja la Mungu, kupanda Mlima Rungwe, Kimondo cha Mbozi na ufukwe wa Matema. Mke wangu ameitazama akacheka, jambo lililonifanya nije kuuliza hapa.

Kuna sababu moja inayonifanya nisitake kuahirisha. Mwaka 1979 mzee alitumwa Kitulo kuchukua mitamba ya maziwa katika shamba la mifugo. Ilikuwa mwezi Julai, na anachokumbuka ni sakitu iliyozifanya nyasi ziwe nyeupe asubuhi, upepo, na ng'ombe waliokuwa wakitoa mvuke puani. Tangu hapo kila akisikia watu wakiita mahali pale Bustani ya Mungu hudhani wanamtania, kwa kuwa yeye hakuona hata ua moja. Ningependa aone. Lakini kila ninayemuuliza ananiambia kwamba Desemba ni mwezi wa mvua na kwamba kwenda milimani wakati huo ni kujitafutia matope. Je, ni kweli?

Dereva wa Chimala

Mwalimu, ni kweli kwamba kuna matope, na ni kweli vilevile kwamba maua yako ndani ya matope hayo hayo. Mzee hakudanganywa wala hakudanganya: Julai uwanda ule ni nyasi kavu na baridi tu. Maua huanza kuchomoza mvua zinapoanza mwezi Novemba na huendelea hadi Aprili, na anayetaka kuyaona yakiwa mengi huja kati ya Desemba na Machi. Huwezi kupata maua ya Kitulo na barabara kavu kwa safari moja. Ukishaukubali ukweli huo, mengine yote yanapangika.

Kwa kuwa mnatoka Mafinga, Chimala mtaifikia kabla ya Mbeya, kwa hiyo msiende hadi mjini ndipo mrudi. Hapo Chimala kuna barabara inayopanda kuelekea Matamba ambayo watu huiita Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake. Inaanzia kwenye joto la uwanda wa Usangu na kuwapeleka juu ambako hifadhi yenyewe iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,600. Nimeipanda barabara hiyo kwa miaka mingi nikibeba abiria, mbolea na viazi, na naomba unisikilize kuhusu gari lako: liacheni Chimala mahali penye mlinzi, kodini gari la juu linalovuta kwa magurudumu yote manne, pamoja na dereva wake. Kupanda si tatizo kubwa. Tatizo ni kushuka siku ya pili, barabara ikiwa imelowa, ukungu umefunga na dereva mgeni anashika breki muda wote badala ya kuiachia gia ya kwanza ifanye kazi. Ukinusa harufu ya breki kwenye kona ya ishirini, bado una kona nyingi mbele yako.

Laleni Matamba, kisha mpande hifadhini alfajiri. Ofisi ya hifadhi iko hapo hapo Matamba, na mtapewa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo msitegemee kulipa fedha taslimu langoni. Bebeni vitambulisho vya taifa ili mlipe kiwango cha Watanzania.

Mama wa Kyimo

Mwalimu, karibu sana kwetu. Mkeo alicheka kwa haki. Kimondo kifutwe katika orodha hii, si kwa sababu hakina thamani, maana ni pande la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 16 na mtoto wa miaka 13 angelipenda, bali kwa sababu kiko Mbozi, mkoani Songwe, upande mwingine kabisa wa Mbeya, na kitawachukulia siku nzima. Mlima Rungwe nao ufutwe. Una takriban mita 2,960, ni safari ya kutwa kwa mtu mwenye miguu mizuri, na Desemba mtafika kileleni mkatazame wingu.

Ziwa Ngosi ndilo la kufikiriwa kwa makini. Ni ziwa lililojaa ndani ya kreta ya volkano katika milima ya Uporoto, halina mto unaotoka, na maji yake hubadilika rangi kadiri jua linavyokwenda. Wengine huliona kuwa na umbo la ramani ya Afrika. Njia yake inaacha lami ya Mbeya hadi Tukuyu upande wa Isongole, mnakwenda kwa gari au bodaboda hadi ukingo wa msitu, na kutoka hapo ni kupanda kwa miguu kwa muda wa saa moja hivi, mkipita chini ya mianzi na migomba-mwitu yenye majani mapana kuliko mlango. Sehemu ya mwisho ni ya kushika mizizi. Mkifika juu, ziwa liko chini yenu karibu mita mia mbili, na ukingo hauna uzio wowote. Shikeni watoto mikono. Wapo vijana watakaojitolea kuwashusha hadi majini; wakataeni kwa upole, kwa kuwa njia ile ni wima na siku ya mvua huwa kama sabuni. Wazee wa Kisafwa wanaliheshimu ziwa hilo na wana mila zao hapo, kwa hiyo msitupe kitu majini wala kupiga kelele za kujaribu mwangwi.

Baba mkwe asipelekwe Ngosi. Magoti yanayouma wakati wa kushuka ndiyo hasa yasiyofaa kwa njia ile. Abaki Tukuyu na bibi zangu wa sokoni, atakula ndizi na parachichi, hatajuta. Yeye atafurahia zaidi Daraja la Mungu, kwa kuwa gari hufika karibu na hakuna mlima wa kupanda. Ni tao la mwamba juu ya Mto Kiwira: lava ilitiririka zamani ikavuka bonde, ikapoa na kuganda juu huku maji yakiendelea kujitafutia njia chini, na hadi leo mto unapita chini na mtu anapita juu. Mkitaka kuona na Kijungu, ambapo mto huo huo unajiminya na kuzama katika shimo la mwamba kama maji ya chungu kinachochemka, njia inapita katika eneo la chuo cha magereza, kwa hiyo ombeni ruhusa getini kabla ya mtu yeyote kutoa simu na kuanza kupiga picha.

Mpenda Misitu

Naomba kutofautiana kidogo na walionitangulia. Kama lengo lingekuwa kutembea, ningemshauri Mwalimu asubiri kati ya Juni na Oktoba, wakati njia za Ngosi na Rungwe zinakanyagika. Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Mgeni akiambiwa kwamba ni mwezi wa mvua hufikiria manyunyu ya jioni, kumbe ni mvua inayoweza kuanza Jumatatu na kukukuta Alhamisi.

Hata hivyo, kwa sababu ya mzee, nakubali kwamba Kitulo ni Desemba. Nitaongeza jambo moja ambalo watoto wanapaswa kuambiwa wakiwa huko. Kitulo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ikiwa na eneo la kilomita za mraba 412.9, na ni hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake na si kwa ajili ya simba au tembo. Kuna zaidi ya aina 350 za mimea, na kati ya hizo aina 45 ni okidi zinazoota ardhini. Okidi hizo zina viazi vidogo chini, na kwa miaka mingi viazi hivyo vilikuwa vikichimbwa kwa magunia na kuvushwa Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Anayechimba kiazi amechukua ua la mwaka huu na la miaka yote ijayo. Ndiyo maana mhifadhi atawakemea mkitoka nje ya njia, na mkikemewa msinune.

Msiende pia mkiwa na tamaa ya kumwona kipunji. Kima huyo alijulikana kwa wawindaji wa Rungwe kabla ya mtaalamu yeyote kumwandika. Watafiti walimwona mwaka 2003 baada ya kufuatilia masimulizi ya wanavijiji, akatangazwa mwaka 2005, na mwaka 2006 ikathibitika kwamba anastahili jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake la pekee kati ya wanyama wanaokaribiana, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa kima wa Afrika tangu 1923. Anaishi juu sana mitini katika misitu ya Rungwe na Livingstone, pamoja na sehemu ndogo ya Udzungwa. Mkisikia mlio wake unaofanana na kubweka kwa sauti ya puani, hesabuni kwamba mmebahatika.

Dereva wa Chimala

Mpenda Misitu amesema vizuri, ila Juni na Julai asiwapeleke watoto Kitulo bila kuwaambia wabebe blanketi. Hata Desemba, Mwalimu, beba sweta mbili kwa kila mtu na makoti ya mvua, si miavuli. Upepo wa kule hugeuza mwavuli mara moja tu, ukawa kijiti.

Mwalimu wa Mafinga

Nimewaelewa na ninawashukuru. Kimondo na Rungwe vimefutwa. Limebaki swali la Matema: je, kuteremka hadi Ziwa Nyasa kwa siku moja kutoka Tukuyu kuna maana, au nimalizie Tukuyu?

Mama wa Kyimo

Kwa siku moja ya kwenda na kurudi, hapana. Mtateremka kutoka kwenye sweta hadi ziwa lililo kwenye mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, mtapita mashamba ya mpunga na kakao ya Kyela, mtafika mmechoka kwa joto, watoto wataingia majini, na dakika hiyo hiyo itabidi uwaite watoke. Matema inataka kulala siku mbili chini ya chandarua, na ikiwezekana Jumamosi iwemo, siku ya mnada wa vyungu vya Wakisi pale Lyulilo. Iwekeni kwa safari nyingine. Badala yake nendeni Ziwa Masoko, ambalo wenyeji huliita Kisiba. Liko kusini mashariki mwa Tukuyu, ni dogo na la mviringo, gari linafika ukingoni, na kuna boma la Wajerumani ambalo mzee atapenda kulikagua kuta zake. Husimuliwa kwamba Wajerumani walipoona vita vinawaelemea walitupa silaha na sarafu zao humo ziwani. Mtoto wa miaka 9 hatataka kuondoka.

Mwalimu wa Mafinga

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Tumerudi, na ni haki nitoe taarifa.

Gari tuliliacha Chimala. Hamsini na Saba tuliipanda alasiri katika gari la kukodi. Binti yangu alihesabu kona kwa sauti hadi thelathini na kitu, akatapika, hesabu ikaishia hapo. Asubuhi ya Kitulo ilikuwa ukungu mtupu. Tulikaa ndani ya gari tangu saa moja, vioo vikiwa na mvuke, tukinywa chai ya chupa, na nilikwisha kuanza kutunga maneno ya kumwomba mzee radhi. Saa tano kasoro upepo ukageuka, na ukungu ukaanza kuinuka kutoka upande wa chini kama mtu anayekunja mkeka. Kwanza tuliona manjano, kisha zambarau, kisha yale maua marefu mekundu yaliyosimama kama mienge, hadi mwisho wa macho.

Mzee aliteremka bila fimbo. Alisimama kando ya njia kwa muda, akamwuliza mhifadhi upande lilipo shamba la mifugo, akaonyeshwa, akageuka kutazama tena alipokuwa. Halafu akainama polepole, mkono mmoja juu ya goti, hadi uso wake ukawa karibu kabisa na okidi moja nyeupe isiyozidi urefu wa kalamu, iliyokuwa bado na tone la maji ndani ya mdomo wake. Mjukuu wake akamwuliza anatafuta nini. Akajibu kwamba anaangalia kama ni lenyewe au limepandikizwa.

Tulipata kama dakika arobaini, kisha mvua ikashuka. Ngosi nilikwenda na watoto wawili tu na tukarudi tumelowa hadi soksi, bila kuona zaidi ya robo ya ziwa. Mama wa Kyimo, zile ndizi za Tukuyu mzee amezisimulia hapa nyumbani mara nne, na mke wangu anauliza ni viungo gani mnavyotia.