Naomba ushauri: uso wa mafuta mengi, na chunusi zinazorudi kila ninapoacha krimu

Binti wa Kimara

Shikamooni wakubwa, na kwa rika langu habari za jioni.

Nina umri wa miaka 26, ninaishi Kimara na ninafanya kazi ya mapokezi katika ofisi moja maeneo ya Posta. Uso wangu umekuwa wa mafuta tangu nilipovunja ungo, lakini nilipokuwa shule ya bweni huko Iringa haukunisumbua kama unavyonisumbua hapa Dar es Salaam. Asubuhi ninatoka nyumbani nikiwa nimenawa vizuri. Mwendokasi likifika Magomeni, nikibonyeza tishu kwenye paji la uso inatoka imelowa hadi unaona upande wa pili, kama karatasi iliyofungiwa vitumbua. Kazi yangu ni ya kutazamana na watu siku nzima, kwa hiyo nimejizoesha kuosha uso kwa sabuni mara tano au sita kwa siku, na kila Jumamosi ninasugua kwa sukari na ndimu mpaka ngozi iwake.

Mwaka jana muuza vipodozi mmoja aliniuzia tyubu ndogo ya shilingi 3,000, akaniambia kuwa ni ya chunusi. Ndani ya siku tano uso ulikuwa laini na umetakata, hata wenzangu kazini wakaniuliza siri yake. Nimeipaka kwa miezi minne. Shida ni kwamba nikikaa siku tatu bila kuipaka, vinachomoza vipele vidogo vidogo vyenye usaha, vyote vya ukubwa mmoja, na mashavu yanawaka nikisogelea jiko la mkaa.

Ninaomba kujua kama ngozi ya namna hii ina tiba au ndivyo nilivyoumbwa, kama niendelee na tyubu hiyo, na nifanye nini na madoa meusi yanayobaki kila chunusi inapopona.

Mzee wa Bungoni

Marahaba binti. Hizo ni chunusi za ujana, wala usihangaike nazo. Acha karanga, parachichi na mayai, kunywa maji mengi, na ukishaolewa ukapata mtoto utashangaa zilivyopotea. Mabinti zangu wote walipita humo humo.

Mfamasia wa Ubungo

Mzee wangu, shikamoo, na uniwie radhi kwa kutofautiana nawe. Ninawaona dirishani kwangu kina mama wenye watoto watatu wakiwa na chunusi kuliko walivyokuwa shuleni, na wengine zimewaanza wakiwa na miaka 30. Kuhusu karanga, sijaona ushahidi unaozitia hatiani. Vyakula ambavyo utafiti umevihusisha na chunusi kwa baadhi ya watu ni vile vinavyopandisha sukari mwilini haraka, kama soda, mkate mweupe na sahani ya chipsi, pamoja na maziwa kwa kiasi fulani, na hata hivyo mchango wake si mkubwa. Mafuta unayokula hayapandi moja kwa moja mpaka usoni.

Sasa nije kwako dada, na pole sana. Sijaiona tyubu yako, lakini maelezo yako yananitia shaka kubwa. Krimu inayosafisha uso wenye chunusi ndani ya siku tano, kisha vipele vikarudi kwa fujo siku chache baada ya kuiacha, aghalabu ina steroidi ndani yake. Chukua boksi lake, ligeuze, usome yale maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma. Tafuta majina kama betamethasoni au klobetasoli. Hizo ni dawa halali kwa pumu ya ngozi na maradhi mengine, na zinatuliza uvimbe upesi mno, ndiyo maana ulipendeza. Kwenye chunusi zinaficha tu. Zikipakwa usoni kwa wiki nyingi zinaifanya ngozi iwe nyembamba, mishipa midogo inaanza kuonekana mashavuni, joto kidogo tu linakuchoma, na zenyewe zinazalisha vipele vinavyofanana kana kwamba vimepigwa muhuri mmoja. Kwa maneno mengine, huenda unachopambana nacho sasa si chunusi zako za zamani.

Usinunue tyubu nyingine. Lakini kwa kuwa umeitumia miezi minne, usipambane peke yako, kwa sababu wiki za mwanzo baada ya kuiacha uso unaweza kuchafuka vibaya sana, na hapo ndipo wengi wanapokimbilia kuipaka tena. Kwa mtu wa Kimara, hospitali ya Mwananyamala haiko mbali. Beba tyubu yenyewe, umwonyeshe daktari, na akiona haja atakupa rufaa ya Muhimbili kwa madaktari bingwa wa ngozi.

Umeuliza kama ndivyo ulivyoumbwa. Kwa upande wa mafuta, jibu ni ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Mafuta unayoyafuta kwa tishu yanatengenezwa na tezi ndogo zilizoshikamana na mashina ya vinyweleo, na tezi hizo ni nyingi zaidi kwenye paji la uso, pua na kidevu. Zinapokea amri kutoka kwa homoni zinazoitwa za kiume, ambazo wanawake nao wanazo kwa kiwango kidogo. Sabuni haifiki huko. Unaponawa mara sita unaondoa mafuta ya juu tu, tezi inaendelea na kazi yake kama kawaida, na baada ya saa chache unang'aa tena. Kinachoharibika ni lile tabaka la nje linalozuia ngozi isipoteze maji, na likishachubuka hata dawa sahihi itakuchoma na utaiacha mapema. Joto na unyevu wa Dar es Salaam, hasa kati ya Desemba na Machi, vinaongeza jasho juu ya mafuta hayo, kwa hiyo sishangai kwamba Iringa ulipumua.

Chunusi inaanza pale seli za ngozi zilizokufa zinapogandamana na mafuta na kuziba tundu la kinyweleo. Bakteria wanaoishi humo siku zote bila kumdhuru mtu wanaongezeka, mwili unapambana nao, panavimba na kutunga usaha. Mzibo huo unaanza kujijenga wiki kadhaa kabla hujauona kwenye kioo, na hii ndiyo sababu dawa hupakwa eneo zima linalosumbuliwa, wala si juu ya kipele kilichokwisha kutokeza. Vile vidoa vyeusi vya puani navyo si uchafu. Ni mafuta na rangi ya ngozi vilivyobadilika kwa kupigwa na hewa, na sukari yako ya Jumamosi haitavimaliza.

Mama Zuhura

Mwanangu, mimi ni mtu wa Temeke, nimelelewa na liwa na manjano, na siku za joto bado ninasinga liwa yangu kwa maji ya waridi kwa sababu inapoza. Hata hivyo sitakudanganya kwamba iliniondolea chunusi. Ndimu iache kabisa, maana ndimu na jua havipatani: niliwahi kujipaka asubuhi nikaenda sokoni, na nilirudi na ngozi iliyoungua ambayo doa lake lilikaa miezi.

Lakini nataka nikuulize jambo ambalo hapa halijaguswa. Nywele unapaka nini? Binti yangu alikuwa na vipele vidogo visivyo na usaha, vimejipanga paji zima la uso na kushuka pembeni mwa masikio, mashavu yakiwa safi. Tulihangaika na sabuni za kila namna. Siku moja namwona amelala kifudifudi, mafuta mazito ya nywele yametiririka kwa joto mpaka kwenye nyusi, na foronya ina alama ya kahawia umbo la kichwa chake. Tulibadili mafuta, akawa anapaka nywele zenyewe bila kugusa ukingo wa uso, anafunga kitambaa usiku, foronya inafuliwa kila wiki, na ushungi wa kazini harudii kuuvaa bila kuufua. Paji la uso lilichukua kama miezi miwili kusafika. Hayo mafuta ya nazi ambayo tunayasifia kwa kila kitu, yeye usoni yalimzidishia.

Mfamasia wa Ubungo

Mama, umenikumbusha jambo ambalo nilipaswa kulisema mwanzoni. Mafuta mazito ya nywele yanaziba vinyweleo vya ukingo wa uso, na mpangilio uliouelezea ndio unaoyafichua.

Kijana wa Sinza

Nisaidieni na mimi kidogo kabla uzi haujasonga mbele. Vipele vyangu viko kwenye paji la uso na mgongoni, vyote vidogo, na vinawasha sana nikitoka mazoezini. Nimetumia krimu ya chunusi bila mabadiliko yoyote.

Mfamasia wa Ubungo

Kuwasha ndiko kunakonifanya nisite, kwa kuwa chunusi za kawaida huuma zaidi kuliko zinavyowasha. Kuna fangasi wa jamii ya hamira anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu na kupenda mafuta na jasho. Akizidi ndani ya vinyweleo anatoa vipele vya namna hiyo, na dawa za kuua bakteria hazimgusi, zinaweza hata kumpa nafasi. Mwonyeshe daktari, kwa sababu tiba yake ni dawa ya fangasi. Uwe macho tu na krimu zile zinazochanganya dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi katika tyubu moja. Zimejaa madukani na ndizo zinazotufikisha kwenye shida ya dada yetu.

Binti wa Kimara

Ninawashukuru mno. Nimegeuza boksi kama nilivyoelekezwa, na nimekuta neno klobetasoli kwa herufi ndogo kuliko punje ya ulezi. Kesho ninaomba ruhusa kazini niende hospitali. Maswali yangu mawili ya mwisho: baada ya hapo, ratiba ya kila siku inapaswa kuwaje kwa mtu wa kipato cha kawaida? Na je, kijiti cha uzazi wa mpango kinaweza kuchangia? Nilikiweka miaka miwili iliyopita, na sasa ninapokumbuka, ndipo chunusi za kidevuni zilipoanza kuwa kubwa na za kuuma.

Mfamasia wa Ubungo

Kinaweza. Vijiti na sindano hutoa homoni ya aina moja tu, na kwa baadhi ya wanawake huchochea chunusi, ilhali vidonge vyenye homoni mbili mara nyingi huzipunguza. Usikitoe kwa hasira. Mweleze daktari, mwangalie njia nyingine pamoja. Mweleze pia kama hedhi zako zilikuwa zinaruka miezi hata kabla ya kijiti, au kama unaota ndevu kidevuni, kwa kuwa dalili hizo zikiambatana na chunusi zinahitaji uchunguzi wa homoni.

Ratiba si ndefu, na nasisitiza ianze baada ya daktari kuona uso umetulia. Osha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni laini isiyo na manukato makali, kwa vidole na si kwa dodoki. Ikiwa kwenu mnatumia maji ya kisima ya chumvi, utaona sabuni haitoi povu na inabaki kwenye ngozi, hivyo tenga walau maji ya dumu kwa ajili ya uso. Kazini bonyeza tishu, usisugue. Asubuhi, paka benzoili peroksaidi, dawa inayoua bakteria wa chunusi; ya asilimia 2.5 inatosha, ya asilimia 10 inachubua zaidi bila kukupa faida kubwa zaidi. Usiku, adapalini ya asilimia 0.1, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, kwa kuanzia usiku mmoja na kuruka mmoja. Hiyo ndiyo inayozuia mzibo wenyewe. Isitumike kabisa ukiwa mjamzito au unapotafuta ujauzito, na kama siku moja daktari atakupa vidonge vya isotretinoini kwa chunusi kali, katazo hilo ni kali maradufu kwa sababu vinaharibu mtoto tumboni.

Ngozi ya mafuta nayo inahitaji losheni, ila nyepesi, isiyoziba vinyweleo. Kwa madoa, silaha yako ya kwanza ni kuacha kutumbua, na ya pili ni losheni ya kujikinga na jua yenye kipimo cha SPF 30 au zaidi, kwani jua linayakoleza. Madoa bapa hufifia yenyewe kwa miezi. Mashimo ndiyo yasiyofutika. Usishawishike na mkorogo. Zebaki na haidrokwinoni, vinavyotiwa humo ili kung'arisha ngozi, vimepigwa marufuku katika vipodozi hapa nchini, na bado vinauzwa. Hesabu wiki nane hadi kumi na mbili kabla hujasema dawa imeshindwa.

Binti wa Kimara

Niliahidi mrejesho, na leo ni wiki ya kumi na moja tangu niende hospitali. Daktari alithibitisha kuwa tatizo lilikuwa tyubu, akaisimamisha na kunipa vidonge vya doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, kwa wiki sita. Wiki tatu za mwanzo sitaki hata kuzisimulia. Nilikaa mapokezi nikiwa nimevaa barakoa, nikiwadanganya wateja kuwa nina mafua. Mara mbili niliingia duka la vipodozi na kutoka bila kununua. Kuanzia wiki ya nne alinianzishia adapalini, ikanichubua pembeni mwa pua hadi nilipojifunza kupaka losheni kwanza.

Leo nina chunusi mbili kidevuni, zinazokuja karibu na siku zangu, na ndizo tunazozizungumzia sasa pamoja na suala la kijiti. Mashavu hayawaki tena jikoni. Mafuta yapo palepale, na nikifika Magomeni tishu bado inalowa, ila nimeacha kuishika sabuni mchana.

Mfamasia, ulisahau kunionya jambo moja. Foronya yangu ya bluu na kola ya sare ya kazini vimetoka mabaka meupe, na mama ameniuliza mara tatu kama ninafulia jiki.

Mfamasia wa Ubungo

Hilo ni kosa langu, nisamehe. Ni benzoili peroksaidi, inapausha kila kitambaa chenye rangi. Nunua foronya nyeupe, na iache dawa ikauke kabisa kabla hujavaa sare.