Wangoni kutoka Natal hadi Songea: mshale mmoja kwenye ramani unatosha?

Mchoraramani

Wakuu, nachora ramani ya ukutani ya somo la historia, sekondari, mada ni safari ya Wangoni. Karibu kila mchoro niliouona una mshale mmoja mnene: unaanzia Natal, unavuka Zambezi mwaka 1835, unaishia Songea. Lakini Zwangendaba, kiongozi wao, alifia Ufipa (kusini-magharibi mwa Tanzania), na Songea iko kusini-mashariki ya Ufipa, sasa mshale umerudije nyuma? La pili: kama hawa ni ndugu wa Wazulu, mbona Kingoni cha Songea mtu wa Durban hakielewi? Naombeni mnielekeze ni mishale mingapi, ipite wapi, na tarehe zipi niandike kwa wino na zipi kwa penseli.

Lizombe_N12

Mkuu, huo mshale mmoja futa. Anza na sehemu ambayo kweli ni njia moja, yaani kutoka kusini hadi Ufipa.

Nukta ya kwanza iweke nchi ya Wandwandwe, upande wa mto Pongola, kaskazini ya KwaZulu-Natal ya leo. Mfalme wao Zwide alishindwa na Shaka mnamo 1819, na majemadari wake wakatawanyika. Zwangendaba wa ukoo wa Jere alipanda kaskazini hadi kusini mwa Msumbiji. Huko alikuwapo pia Soshangane, naye Mndwandwe, na mwanzoni mwa miaka ya 1830 walipigana. Zwangendaba akasukumwa magharibi, akapanda nyanda za juu za Zimbabwe na kuuvunja utawala wa Warozvi. Kutoka hapo ndipo akaja kuvuka Zambezi karibu na Zumbo.

Sasa chukua rula. Pongola hadi Zumbo kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 1,300. Gawa kwa miaka 16, kuanzia 1819 hadi 1835, unapata kilomita 80 hivi kwa mwaka. Hiyo ni safari ya siku nne kwa mtu mwenye miguu mizima! Zumbo hadi Ufipa ni kilomita 800 na kitu, nazo pia zilichukua miaka kadhaa. Kwa hiyo usichore watu wanaotembea. Chora watu wanaokaa mahali, wanalima, wanavuna, wanateka ng'ombe na watu wa jirani, na eneo likishachoka wanahamia jingine. Mshale wa kukatakata wenye vituo unasema kweli kuliko mstari mnene.

Usiupitishe mabondeni kiholela pia. Hawa walikuwa wafugaji, na mabonde ya Zambezi na Luangwa yana mbung'o, ng'ombe hawadumu. Mabonde yalivukwa, makao yakawa nyanda za juu. Tazama walikoishia kukaa: Ufipa, Mzimba, Chipata, Songea. Kote ni juu.

Kipimajua

Naongezea kuhusu 1835, maana ndiyo tarehe inayonakiliwa bila kuulizwa imetoka wapi.

Hakuna aliyeiandika siku ile. Masimulizi ya Wangoni yanasema jua lilipatwa wakati wanavuka Zambezi. Waliokuja kuyaandika baadaye wakatafuta kwenye majedwali ya kupatwa kwa jua wakakuta 20 Novemba 1835, na ikabaki hiyo. Kuna jambo linaloiunga mkono: Oktoba na Novemba ndiyo miezi ambayo Zambezi huwa na maji machache, kabla mvua hazijakolea. Mwenye akili anavusha ng'ombe na watoto wakati huo, havushi Machi.

Ila kosa linaanzia hapa. Masimulizi hupenda kusogeza tukio la ajabu na kulibandika kwenye tukio kubwa. Ikiwa jua lilipatwa wakiwa wamekaa kambini miezi kadhaa kabla au baada ya kuvuka, tarehe nzima inahama nalo. Mimi ningeandika "mnamo 1835" kwa wino, na siku ya 20 Novemba kwa penseli.

Kosa jingine ni kuhesabu vizazi. Mtu anachukua orodha ya wakuu, anazidisha kila jina kwa miaka 25 au 30, anapata mwaka. Kwa Wangoni haifai. Mrithi hutoka nyumba ya mke mkubwa, ambaye huenda aliolewa mwisho, kwa hiyo baba anakufa mzee na mtoto bado mdogo. Katikati anashika ndugu kama msimamizi, na orodha nyingine zinamhesabu, nyingine zinamruka. Afadhali ufuate majina ya vikosi vya rika: vijana waliotekwa au kuzaliwa eneo fulani waliingizwa kikosi kimoja, na jina la kikosi hukaa kwenye kumbukumbu pamoja na mahali.

Mshope_Juu

Jibu la mshale kurudi nyuma: haukurudi nyuma, ulipasuka ukawa mishale kadhaa.

Zwangendaba alikufa Ufipa miaka ya 1840, mahali panapoitwa Mapupo. Kila nyumba ya wake zake ilikuwa na watu wake, ng'ombe wake na manduna wake (wasaidizi wa mkuu), kwa hiyo ugomvi wa urithi ulipozuka kila nyumba ilikuwa tayari kujitegemea. Mpezeni, mwana wa Zwangendaba, akashuka hadi Chipata, Zambia ya leo. Watu wa M'mbelwa, mwanawe mwingine, wakaenda Mzimba, kaskazini mwa Malawi. Tawi jingine, Watuta, wakapanda kaskazini, wakashambulia Ujiji, wakawa washirika wa Mirambo, mtawala wa Wanyamwezi, na makao yao ya mwisho yakawa upande wa Runzewe, si mbali na Ziwa Nyanza (Viktoria). Kundi la kiongozi aitwaye Zulu Gama likazunguka mashariki ya Ziwa Nyasa hadi Songea.

Na hapa ndipo ramani nyingi zinapokosea kabisa: Songea kulikuwa na Wangoni tayari. Wamaseko chini ya Mputa hawakuwa watu wa Zwangendaba. Walivuka Zambezi kivyao, chini zaidi, kati ya Tete na Sena, wakapanda upande wa mashariki wa ziwa. Kundi la Zulu Gama lilipofika wakaishi pamoja kwa muda, kisha wakapigana, Mputa akauawa, Wamaseko wakafukuzwa kuvuka Ruvuma hadi eneo la Ntcheu, Malawi. Waliobaki wakaunda tawala mbili, Njelu na Mshope. Kwa hiyo Songea inataka mishale miwili inayoingia, mmoja kutoka kusini na mmoja kutoka kaskazini-magharibi, na mmoja unaotoka.

Tahadhari: Mputa Maseko huyu si Mputa Gama, mkuu wa Njelu aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Majina yakifanana watu huwachanganya.

Lizombe_N12

Kuhusu lugha. Kizulu kina *umuntu, abantu*, kina irabu mbele ya ngeli, kina vidoko (sauti za kudokoa kwa ulimi). Kingoni cha Songea ni *mundu, vandu*, na kidoko husikii. Wataalamu wa lugha wanakiweka kundi moja na Kimanda, Kimatengo na Kimpoto. Kinaitwa pia Kisutu, na Wasutu ndilo jina la watu waliomezwa na dola ya Wangoni.

Sababu iko uani. Njia nzima jeshi liliteka wanawake na vijana: Wakalanga, Wasenga, Watumbuka, na huku mwishoni Wandendeule. Mtoto anajifunza lugha kwa mama. Vizazi viwili tu, lugha ya barazani kwa mkuu na ya kusifia wakuu inabaki kwa wazee, ya jikoni inashinda. Ndiyo maana Mzimba wanasema Kitumbuka, Chipata Kinsenga, Ntcheu Kichewa, na wote ni Wangoni. Kilichosafiri ni jina, majina ya koo, cheo cha nkosi (mfalme) na nduna, na mpangilio wa vikosi.

Mchoraramani

Asanteni sana. Basi watu na lugha nitavitenganisha: mishale myekundu kwa nyumba za watawala, na lugha nipake rangi ya eneo bila mshale. Wambunga wa Kilombero je, niwape mshale?

Mshope_Juu

Wape, lakini mfupi na wa rangi tofauti, kutoka Songea kwenda kaskazini hadi Kilombero. Wengi wao walikuwa watu wa huku waliojifunza ngao kubwa na mkuki mfupi, wakaondoka navyo. Wasangu na Wahehe usiwape mshale kabisa, wao waliiga vita wakiwa kwao.