Kwa nini warushe ndege ilhali setilaiti zipo?

Mwalimu_Tabata: Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninafundisha jiografia hapa Dar es Salaam, na jana mwanafunzi aliniuliza swali lililonitoa jasho: ikiwa setilaiti zinaitazama dunia kila siku, kwa nini watafiti wa tabianchi bado wanarusha ndege zilizojaa vihisi? Je, ndege hiyo ikipita juu yetu, itatuambia kama masika yamebadilika?

Mdau_Ubungo: Mwalimu, setilaiti hukadiria kwa mbali, ndege huingia ndani ya kitu chenyewe. Chukua moshi wa mbuga na mashamba yanayochomwa kusini mwa Afrika, ambao hupeperushwa hadi Atlantiki na kutanda juu ya mawingu ya chini. Ukielea juu ya wingu hunyonya mwanga wa jua. Ukichanganyika nalo hubadilisha ukubwa wa matone yake, na kwa setilaiti iliyo juu kabisa ni vigumu kutambua kama moshi na wingu vimegusana. Ndiyo sababu NASA, katika mradi wa ORACLES, ilirusha ndege ya P-3 kutoka Walvis Bay, Namibia, mwaka 2016, kisha kutoka São Tomé mwaka 2017 na 2018, ikivuta moshi huohuo kwa mabomba hadi kwenye mashine zilizofungwa ndani. Mwaka wa kwanza ilikuwapo pia ndege yake nyingine, ER-2, ambayo hupaa takribani kilomita 20 na kutazama chini mithili ya setilaiti.

Bi_Vipimo: Karibu nasi pia watafiti wamefika: mwaka 2019 ndege ya utafiti ya Uingereza ilipima pepo za Ziwa Victoria, zinazochangia dhoruba za usiku zinazowaua wavuvi.

Kuhusu masika, jibu ni hapana. Ndege hukaa wiki chache, huonyesha jinsi jambo linavyotokea. Mwelekeo wa mvua wa muda mrefu hutoka kwenye kituo kilichopima palepale kwa miaka 30 au zaidi. Tena vihisi vya ndege vina udanganyifu wake: kwa mwendo wa kilomita 360 kwa saa, hewa inayogonga kipimajoto hupata joto la ziada la karibu nyuzi 5, ambazo lazima zipunguzwe kwa hesabu. Nisiwacheke, kwani mimi mwenyewe niliwahi kutundika kipimajoto chini ya bati, nikaandika joto la bati mwezi mzima.

Mwalimu_Tabata: Ahsante, Bi. Basi darasa langu litaanza na kipimamvua uani.

Bi_Vipimo: Vema, ila msikiweke chini ya mwembe.