Mkufunzi anasema nisipopungua kilo 15 siendi BTP (mazoezi ya kufundisha shuleni), hii inaruhusiwa kweli?

binti_masasi
Habari zenu ndugu zangu, naomba mawazo maana wiki hii nimekosa raha kabisa. Nasoma ualimu chuo kimoja huku kusini, mwaka wa pili, masomo naenda vizuri sijawahi kupata sapu hata moja. Sasa Jumatatu baada ya mchakamchaka tukapangwa foleni tupimwe uzito, na mizani yenyewe ni ile ya stoo ya chakula ya kupimia magunia ya maharage, imewekwa barazani, mkufunzi wa michezo anasoma kwa sauti na mwenzetu anaandika kwenye daftari. Aliyenitangulia kasomewa 54. Nikapanda mimi akasoma 91, akarudia tena 91, akaniambia kaa pembeni. Tukabaki wasichana watatu pale pembeni, wavulana wanaangalia. Tumeambiwa hadi BTP mwezi wa saba tuwe tumepungua kilo 15 na tukimbie mizunguko mitano ya uwanja bila kusimama, la sivyo hatupangiwi shule, eti mwalimu mnene si mfano kwa watoto. Jamani nimelia usiku kucha. Mi mikorosho ya babu nimepalilia toka nina miaka saba, kazi siogopi, mwili wangu ndio wa mama na shangazi zangu wote. Kuna sheria inayosema mwalimu awe na kilo ngapi?

Mwl_mstaafu_Nachingwea
Pole sana mwanangu. Nimefundisha michezo miaka 27 na watoto nimewapeleka UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, mara nyingi tu. Mwalimu wa netiboli aliyetushinda wote kata yetu alikuwa mama mwenye mwili mkubwa, alikuwa anasimama chini ya mwembe na filimbi yake, mtoto akidaka mpira yeye anaangalia mguu, akiuinua mguu wa kutua na kuushusha tena kabla hajatoa mpira filimbi inalia, anamwita anamshika goti anamwonyesha taratibu hadi ashike. Watoto wake walikuwa wanacheza safi mno. BTP tunaangalia andalio la somo, zana, unavyolimudu darasa, watoto wameelewa au la. Mizunguko mitano ya mkufunzi wako haipo humo. Nenda kwa matroni, halafu kwa makamu mkuu wa chuo, omba hilo sharti kwa maandishi, na usiende peke yako, nendeni wote watatu.

nesi_wa_Lindi
Mdogo wangu mi nakwambia ukweli wote kama nesi. Mazoezi ni muhimu, presha na sukari nawaona wanavyokuja kila siku, kwa hiyo hilo usilipuuze. Ila kilo 15 kuanzia sasa mwezi wa tano hadi mwezi wa saba ni karibu kilo mbili kila wiki, sisi tunashauri nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Ukilazimisha utaishia kushinda njaa na kuanguka darasani. Na kile kipimo cha BMI, kilo ukigawanya kwa urefu wa mita mara urefu tena, Shirika la Afya Duniani linahesabu 25 kwenda juu uzito umezidi na 30 kwenda juu kiribatumbo, lakini hakitofautishi mafuta na misuli na hakisemi kama mtu anajua kufundisha. Kupima uzito ni chumbani, wewe na anayekupima basi. Kusomewa barazani kama korosho ghalani imeniuma sana.

kaka_wa_Mingoyo
Kisheria iko hivi dada. Katiba ya 1977 ibara ya 13 inakataza ubaguzi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 7 imetaja jinsia, ulemavu, ujauzito, umri na mengine, ila neno uzito halimo, na wewe bado mwanachuo sio mwajiriwa, kwa hiyo kesi ya moja kwa moja sikuahidi. Cha kushika ni masharti ya chuo chenyewe, kama hayakuandikwa wakati unajiunga una hoja ya kuuliza kwa nini yaletwe katikati ya safari. Kuna chuo kikuu Marekani, Lincoln kule Pennsylvania, kiliwataka wenye BMI ya 30 na zaidi wachukue kozi ya mazoezi ndio wahitimu, mwaka 2009 watu walipiga kelele sana na ulazima ukaondolewa.

binti_masasi
Asanteni mno, Mungu awabariki. Jana tumeenda watatu kwa matroni. Hakuwa na habari, kaenda mwenyewe kumuuliza mkufunzi, daftari amelichukua liko kwake na mizani imerudi stoo. Barua ya kuomba sharti kwa maandishi tumeipeleka leo asubuhi, tumegongewa muhuri nakala yetu. BTP bado hatujajibiwa. Nesi, swali moja, goti la kulia linauma nikikimbia ila nikitembea haliumi, tukianza kutembea alfajiri saa nzima inatosha?