Ingizo 18 kwenye boksi, matundu ya maiki manne: wauza intafesi za sauti wanatuchezea

Wakuu, nina hasira, na huu uzi nauandika nikiwa bado nayo.

Nilinunua intafesi ya sauti, kile kifaa cha kuingizia maiki na vyombo kwenye kompyuta, iliyoandikwa ubavuni mwa boksi, kwa herufi kubwa kuliko kitu kingine chochote: INGIZO 18. Mimi narekodi bendi ndogo nyumbani. Dramu peke yake inakula maiki nane, nikahesabu nikaona zinabaki za gitaa, besi na waimbaji. Nimefungua boksi, nimegeuza kifaa mbele na nyuma. Matundu ya maiki ni manne! Mengine manne ni ya laini, ya kinanda na vyombo ambavyo sauti yake imeshainuliwa. Kumi yaliyobaki ni ahadi tu. Nane yanapita kwenye mlango mmoja wa mwanga unaoitwa ADAT, mawili kwenye mlango mwingine wa kidijitali, SPDIF, na yote hayo hayana kazi mpaka ukanunue kifaa kingine chenye priampu zake (za kuinua sauti ndogo ya maiki) na konveta zake (za kugeuza sauti kuwa namba), ukichomeke hapo. Yaani wamehesabu milango ya wageni ambao hawajaja, wakaniuzia kama watu waliomo ndani.

Nikanyamaza, nikanunua hicho kifaa cha pili chenye priampu nane. Nikaweka mradi kwenye 96 kHz, yaani sauti inapimwa mara 96,000 kwa sekunde, kila kipimo ni sampuli moja, kwa sababu boksi hilohilo linapiga kelele kuhusu 192 kHz, nikadhani 96 ni kawaida. Maiki nne za dramu zikapotea. Nimehangaika usiku mzima na kebo, nimebadilisha waya, nimezima na kuwasha. Kumbe ADAT inabeba chaneli nane kwenye 44.1 au 48 kHz, ukipanda 96 zinabaki nne. Hilo liko kwenye mwongozo, ukurasa wa mbali, maandishi madogo. Kwenye boksi halipo.

Na hizo 192 kHz ni za nini? Sampuli 48,000 kwa sekunde zinatosha kubeba sauti ya mitetemo mpaka karibu 24,000 kwa sekunde (24 kHz), na sikio la kijana mzima wa afya linaishia kwenye 20 hivi. 192 inabeba mpaka 96 kHz. Nani anaimba huko? Wanachofanya ni kujaza diski na kuichosha kompyuta. Mwenye kazi ya kunyoosha na kushusha sauti kwa ajili ya filamu ana sababu zake, simsemi. Mimi narekodi kwaya na gitaa.

Biti, yaani tarakimu za kuandikia kila sampuli, nazo ni hivyohivyo. 24 zinatoa nafasi ya desibeli 144 kati ya sauti ndogo na kubwa kabisa kwenye hesabu, lakini hakuna konveta inayozifikia, nzuri kabisa ziko kwenye 120 na kitu. Chumba cha nyumbani usiku wa manane kina desibeli 30 hivi za mvumo wake. Mwimbaji akipaza karibu na maiki anafika 100 na zaidi kidogo. Hiyo ni tofauti ya 70, na intafesi ya bei ya chini ya leo inaimeza bila jasho. Sasa wamekuja na biti 32 za nukta elea, namba zenye nafasi kubwa zaidi ya kupanda na kushuka, wanatangaza kwamba sauti haitapasuka tena. Kama priampu yenyewe imeshazidiwa kabla ya konveta, faili la biti 32 litakuhifadhia mpasuko huo vizuri sana, basi.

Namba ninayoitaka mimi ni geini, yaani priampu inaweza kuinua sauti kiasi gani, na ndiyo wanayoificha. Nina Shure SM7B. Ni maiki yenye sauti ndogo, Shure wenyewe wanasema inataka angalau desibeli 60 za geini safi. Intafesi yangu mwisho ni 54. Mwimbaji akinong'ona, nakizungusha kitufe mpaka mwisho, halafu nainua tena ndani ya programu, na mvumo wa priampu unapanda pamoja na sauti yake. Nilitafuta hiyo 54 kwenye boksi sikuiona. Nikatafuta kwenye ukurasa wa mauzo, napo hakuna. Nimeikuta kwenye jedwali la mwisho wa mwongozo, baada ya kununua.

Latensi, yaani sauti kuchelewa ikipita kwenye kompyuta, ndiyo imenivunjia urafiki. Bafa (foleni ya sampuli zinazosubiri kompyuta) ya sampuli 128 kwenye 48 kHz ni milisekunde 2.7, wauzaji wanaishia hapo. Sauti lakini inaingia na kutoka, kwa hiyo hesabu hiyo ni mara mbili, kisha ongeza konveta zenyewe, ongeza bafa za siri ambazo draiva, programu inayounganisha kifaa na kompyuta, inajiwekea. Nilichomeka kebo kutoka tundu la kutokea mpaka la kuingilia, nikapima: milisekunde 14. Mwimbaji aliyetaka kujisikia na mwangwi wa programu kwenye hedifoni aliniambia anahisi kuna mtu anamfuatisha nyuma. Akaondoka. Kuna kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja, ndiyo, lakini huko sauti ni kavu, na wengine hawawezi kuimba kavu.

Mlango wa USB-C nao wanautangaza kama kasi. Huo ni umbo la tundu tu! Ndani, nyingi ni USB 2.0 ileile ya megabiti 480 kwa sekunde. Na inatosha: chaneli moja ya biti 24 kwenye 48 kHz ni megabiti 1.15. Tatizo ni kuuza umbo kwa jina la kasi.

Kisha nilipolalamika kuhusu mvumo, muuzaji akaniambia dawa ni konveta ya nje, na kloki ya nje (saa ya kupangia sampuli) juu yake. Mwenzangu mmoja akaniazima konveta yake ya gharama. Nikapitisha wimbo uleule kote, nikasawazisha viwango mpaka tofauti ikawa chini ya desibeli 0.1 (usiposawazisha, kilicho juu kidogo kitakudanganya kuwa ni bora), mtu mwingine akawa anabadilisha bila kuniambia. Mara kumi, nimepatia tano. Wiki hiyohiyo nikatundika mablanketi mazito nyuma ya mwimbaji na kumsogeza mbali na kona, na tofauti aliisikia hata mtoto.

Halafu draiva. Kompyuta ikajisasisha, intafesi haionekani. Kampuni inajibu kwamba toleo hilo la intafesi "halihudumiwi tena", ninunue jipya. Kifaa kizima, priampu nzima, konveta nzima, kimeuawa na programu! Zile zinazofanya kazi bila draiva maalumu angalau kwenye Mac zinaishi. Nimerudi toleo la zamani la mfumo ili nimalize kazi za watu.

Nawaomba kitu kimoja. Mwenye intafesi yoyote aweke hapa chini namba zisizo kwenye boksi: matundu halisi ya maiki, geini ya juu, latensi ya kwenda na kurudi aliyoipima mwenyewe kwa kebo, na draiva ya mwisho ilitoka lini. Msiniletee 192.

Naanza na yangu. Maiki 4. Geini 54. Bafa 128 kwenye 48 kHz, milisekunde 14. Draiva ya mwisho, miaka mitatu iliyopita.